Tanga hadi Mtae kwa baiskeli: siku sita, GPS mbili na nukta moja iliyokosewa

Picha zimekaa kwenye simu wiki tatu, na daftari lililowa pembeni siku ya nne, kwa hiyo baadhi ya saa nitakazozitaja nimezichomoa kwenye faili la safari, si kichwani. Tangu niweke ile picha ya Mtae, kijiji cha juu milimani Usambara, nimeulizwa swali moja na watu wengi: "Kaka, ulitumia GPS gani?" Nitajibu, ila jibu lenyewe linapitia Muheza, mashamba ya mkonge na shamba la viazi la bibi mmoja. Vumilieni.

Tulikuwa wawili, mimi na shemeji, mume wa dada yangu. Wote tuna baiskeli za milima za mtumba, gurudumu la inchi 26. Yake ina breki nzuri, yangu ina karia iliyochomelewa mara mbili.

Kabla ya kuondoka

Mimi nilikuwa na kompyuta ndogo ya baiskeli, yaani GPS ya kufunga kwenye mpini, mtumba wa Kariakoo, shilingi 280,000 baada ya kuvutana nusu saa. Skrini ya kugusa, betri ya ndani, rangi nzuri. Jina la kampuni nalihifadhi, maana baadaye nitailalamikia. Shemeji aliazima Garmin eTrex 32x kwa rafiki yake anayepima mashamba. Hicho ni kifaa cha watembea kwa miguu hasa: kinene kama sabuni ya kipande, skrini ya inchi 2.2, vitufe pembeni, betri mbili za AA mgongoni. Nilipokiona nilicheka. Zaidi ya hapo kila mmoja alikuwa na simu yenye OsmAnd, programu ya ramani.

Ramani tulizipakua nyumbani, na hili halina mjadala. Ramani ya OpenStreetMap, ile ya bure inayochorwa na watu wa kujitolea, kwa Tanzania nzima ni mamia ya megabaiti. Ukitegemea kuipakua njiani kwa bando la siku, utalala ukitazama kiduara kinazunguka. Kwa ile eTrex kuna ramani hiyohiyo iliyoandaliwa kwa vifaa vya Garmin, faili moja linaloishia na .img. Unalitia kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, ndani ya folda iitwayo Garmin, basi. Bure kabisa.

Kuna watu bado wanaamini GPS inakula bando. Haili. Simu inasikiliza setelaiti tu, kama redio inavyosikiliza stesheni, na ikizisikia nne inajua ulipo na uko juu kiasi gani. Kinachokula bando ni ramani usiyoipakua. Tofauti moja utaiona: bila mtandao, simu iliyozimwa siku nzima inachukua dakika kadhaa kujipata, kwa sababu taarifa za setelaiti ziko wapi inabidi izipokee kutoka angani zenyewe, tena polepole. Iwashe ukiwa unakunywa chai, usiiwashe kwenye njia panda.

Siku ya 1, Ijumaa 8 Agosti 2025: Tanga hadi Korogwe

Nanenane, sikukuu, magari machache. Tuliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, Pongwe tukaipita bado giza. Kufika Muheza, kilomita thelathini na kitu, jua limeshakaa na njaa imeshabisha hodi. Chai na chapati mbili, 1,500.

Machungwa ya Muheza ukiyapita bila kununua utakuwa na kesi ya kujibu Tanga nzima. Mama mmoja aliyamenya kwa kisu kirefu, ganda likatoka utepe mmoja bila kukatika, huku akitukagua.

"Mnaenda wapi na mizigo yote hiyo?"

"Lushoto, mama. Halafu Mtae."

"Kwa mguu?"

"Hapana, kwa baiskeli."

"Si ndiyo kwa mguu huko."

Matano kwa 1,000, akaongeza mawili "ya huruma".

Kutoka hapo hadi Hale ni lami na hakuna cha kusimulia. Hale ndipo kifaa changu kilipolia na kuonyesha mshale: kulia. Mimi nilijua barabara inaendelea hadi Segera, inakutana na barabara kuu ya Chalinze na Moshi, halafu ndiyo unapanda Korogwe. Lakini skrini ilikuwa imechora mstari unaokata kona yote ile kupitia upande wa Mnyuzi, na kilomita zilizobaki zilikuwa zimepungua. Nani anakataa kupunguziwa kilomita? Tukaingia kulia.

Mkonge una tabia moja: safu zake zote zinafanana. Unafika mwisho wa kitalu, kuna njia nne, zote za mchanga, zote zina mkonge kushoto na kulia hadi macho yanapoishia. Pale mshale ulisaidia kweli, siukani. Ila mshale haujui mchanga. Tulikanyaga, tukasukuma, tukakanyaga. Ncha ya jani la mkonge ikaingia tairi la nyuma la shemeji kama sindano ya gunia. Tulipokuwa tunaziba pancha akatokea mlinzi wa shamba, rungu kwapani, tukajua sasa tunafukuzwa. Akachuchumaa, akashika pampu, akapampu yeye. "Mkiiona reli," akasema, "msiivuke. Muende nayo." Reli ni ile ya zamani ya Tanga na Moshi, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893. Tulipoiona, kifaa kikasema tuvuke. Tukamsikiliza mlinzi.

Korogwe tuliingia saa kumi na moja jioni badala ya saa nane. Gesti 20,000 chumba cha vitanda viwili, ugali na samaki 4,000 kila mtu.

Usiku, nimelala chali, feni inapiga kelele, ndipo nikaelewa kilichotokea. Faili la GPX, lile la njia linalosomwa na vifaa vya GPS, linaweza kubeba njia kwa namna mbili. Kuna ruti, ambayo ni vituo tu: Tanga, Muheza, Korogwe. Kati ya kituo na kituo kifaa ndicho kinachoamua upite wapi, kwa ramani yake na masharti uliyokipa. Na kuna traki, ambayo ni nyayo: nukta kwa mamia, zimefuatana, kifaa hakina la kuamua, kinakuonyesha mstari tu. Mimi nilihifadhi ruti, na kwenye masharti nilikuwa nimechagua "baiskeli" na "epuka barabara kuu". Kilinitii neno kwa neno. Shemeji alikuwa na traki, iliyopita Segera kama watu wote wapitavyo, na alikuwa akiiona muda wote ule tunasukuma.

"Mbona hukusema?"

"Shemeji, wewe ndiye mwenye mashine ya laki mbili na themanini. Mimi nimeazima."

*Kwa atakayefuata:* hifadhi njia yako kama traki. Kama kifaa chako kinakusomea kona, sawa, lakini ingia kwenye mipangilio uzime kile kipengele cha kupanga njia upya ukitoka nje ya mstari. La sivyo ukiingia kichochoroni kununua maji, kinakutungia safari nyingine. Na Hale usikate kulia, labda uwe na tairi pana na siku ya ziada.

Siku ya 2, Jumamosi: Korogwe, Mombo, Soni

Korogwe hadi Mombo ni kama kilomita 40 za tambarare, milima ya Usambara ikikusindikiza mkono wa kulia. GPS hapa haina kazi, barabara ni moja. Kilichokuwa na kazi ni kioo kidogo cha kando, cha shilingi 3,000, kwenye mpini wa shemeji. Mabasi ya Arusha yanapita kwa upepo unaokusogeza nusu mita. Kila aliposema "basi!" tulishuka kwenye changarawe bila kubishana. Watakaokuja, nunueni kioo kabla ya kununua GPS.

Mombo tulikula wali maharage, tukajaza maji, tukatazama juu. Mombo iko mita mia nne na ushee kutoka usawa wa bahari, Lushoto iko karibu 1,400, na kati yake ni kilomita 33 za lami nyembamba iliyobandikwa kwenye ubavu wa mlima. Upande mmoja mwamba, upande mwingine unaona paa za nyumba ulizozipita nusu saa iliyopita, ziko chini ya kiatu chako.

Kifaa changu kilikuwa na ukurasa wa mwinuko: asilimia 5, 6, 4, 8. Mwanzoni inatia moyo, unajua kwamba kona ile ikiisha pana nafuu. Baada ya saa moja inakuwa kama mtu anayekutajia deni lako kila dakika. Shemeji alitundika kofia juu ya skrini yake akawa anapanda kwa kuhesabu kona. Malori ya mboga yanateremka kwa gia nzito na harufu ya breki iliyoungua inabaki nyuma yao, na madereva karibu wote wanapiga honi fupi ya salamu.

Kabla ya Soni ukungu ukashuka, halafu manyunyu. Tone likidondoka kwenye skrini ya kugusa, kwa kifaa hilo ni kidole. Yakadondoka mengi. Ukurasa ukabadilika, ukarudi, kikaniuliza kama nataka kufuta safari. Nilikipangusa kwa shati lenye jasho, kikaona vidole kumi. Shemeji na vitufe vyake alikuwa anabonyeza kwa kidole gumba chenye matope, hana habari. Hapo nikaacha kuicheka ile sabuni.

Tulilala Soni, tukisikia maporomoko kwa mbali. Chumba 25,000, maji ya moto kwenye ndoo, na blanketi mbili ambazo mtu wa Tanga mjini hajui aanze nazo wapi.

Siku ya 3, Jumapili: Soni hadi Lushoto, mapumziko

Kilomita kumi na tano tu, tumefika saa nne kasoro. Gesti 20,000. Tulifua nguo, tukala mapichesi, tukaenda Irente kwa miguu jioni, mahali ambapo mlima umekatika ghafla na Mazinde inaonekana chini kama imechorwa kwa penseli.

Nitakaa kidogo kwenye kitu kimoja ambacho wauzaji hawakuelezi. Saa nne asubuhi niliacha kifaa juu ya meza ya gesti, kimewaka, kikisoma mita 1,391. Saa kumi jioni, meza ileile, hakuna aliyekigusa, kilisoma 1,418. Meza imepanda mlima mita 27!

Sababu ni kwamba kifaa changu, kama ile eTrex 32x, kinapima mwinuko kwa kanieneo ya hewa, yaani jinsi hewa inavyokandamiza, kwa kipimahewa kilichomo ndani. Hewa ikipungua uzito, kinadhani umepanda. Na huku kwetu kwenye joto kanieneo ya hewa hupanda na kushuka mara mbili kila siku kama maji ya bahari: iko juu karibu saa nne, asubuhi na usiku, na inashuka karibu saa kumi, alfajiri na jioni. Mabadiliko madogo ya hewa, lakini kwenye skrini yanakuwa makumi ya mita. Kwa hiyo ukitaka namba ya kuaminika, kirekebishe kila asubuhi mahali unapojua urefu wake. Kipimahewa ni kizuri sana kwa kujua umepanda kiasi gani ndani ya saa moja. Kwa kujua uko wapi kutoka baharini, kinahitaji kukumbushwa.

Programu za kupangia njia zina tatizo lake tofauti. Nyingi huchukua mwinuko kutoka kwenye vipimo vya rada vilivyopigwa na chombo cha anga cha Marekani mwezi Februari 2000, na rada hiyo mara nyingi ilisoma vilele vya miti badala ya udongo. Msituni utakuta unapandishwa milima isiyokuwepo.

Siku ya 4, Jumatatu: Lushoto hadi Mtae

Karibu kilomita 60, na ndiyo siku niliyoisubiri. Kompyuta ya nyumbani ilisema tungepanda jumla ya mita 1,640. Jioni kifaa kilisema 1,480, na ndani ya hizo kuna za makosa yangu, nitakuja kwayo.

Kupanda Magamba asubuhi ni baridi ya kuvaa soksi mikononi. Msitu unafunika barabara juu, mbega wanaruka, mwanga ni wa kijani. Hapa niliona faida ya kuwasha mifumo yote ya setelaiti. Vifaa vya siku hizi vinasikia GPS ya Wamarekani, GLONASS ya Warusi, Galileo ya Ulaya na vingine BeiDou ya Wachina. Betri inaliwa zaidi, kwa hiyo tambarare nilikuwa nimeacha GPS peke yake. Chini ya miti ile, mstari wangu ukawa unatangatanga, mara niko bondeni, mara niko juu ya mti. Nilipowasha na GLONASS ukatulia. Kwa barabara moja haina maana kubwa, ila kwenye njia panda iliyofichwa na miti, mita thelathini ni njia nyingine kabisa.

Lami iliisha, mashimo yakaanza, na karibu na Lukozi kishikio cha kifaa changu kikakatika tak! Kifaa kikaning'inia kwa kamba yake kama meno ya mtoto. Lukozi ni kabichi, karoti na viazi, malori yanapakia, watu wanapiga kelele za bei. Nikaelekezwa kwa fundi baiskeli aliyekaa kwenye kigoda chini ya bati moja. Akakigeuza kishikio mara mbili, akakitupa. Akachukua tyubu kuukuu, akakata ukanda mwembamba kwa wembe, akaufunga kifaa kwenye mpini kwa msalaba, akivuta kwa meno, akaupitisha chini tena, akapachika ncha ndani. Akaupiga kofi. Hakikutikisika mpaka tumerudi Tanga. Nilipotoa noti ya 2,000 akaisukuma.

"Hiyo si kazi. Kazi ni pancha."

Shemeji akanunua kwake tyubu moja ambayo hatukuihitaji, ili roho itulie.

Sasa hapa. Kilomita chache mbele ya Lukozi traki ikaacha barabara, ikashuka kushoto. Faili la siku hii kwa bahati nilikuwa nimelihifadhi kama traki, na ile eTrex ilikuwa nalo hilohilo, kwa hiyo vifaa viwili vilikubaliana. Mashahidi wawili! Njia ilianza pana, ya bodaboda. Ikawa ya mtu mmoja. Ikawa matuta ya viazi, halafu ngazi za udongo, halafu mteremko ambao baiskeli ilikuwa inanishusha mimi. Chini kabisa kijito, gogo juu yake, ng'ambo nyumba ya udongo na moshi.

Bibi alikuwa anapalilia. Tukaegesha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, wajukuu. Mmepotea?"

"Hapana bibi, tunafuata njia." Nikamsogezea skrini, kwa kujiamini kwa mjinga.

Akaisukuma mbali na macho kama wafanyavyo wazee, akaitazama, akatazama mlima tuliotoka. "Hii njia ni ya kwangu," akasema. "Inaishia kwangu."

Ndipo nikapunguza ukubwa wa ramani, jambo ambalo ningelifanya kule juu. Mstari ulikuwa unatoka barabarani, unashuka bondeni, unageuka palepale na kupanda kwa njia ileile. Kidole kilichochomoza ubavuni mwa barabara. Nilipokuwa nachora nyumbani, usiku, nimechoka, nilibofya nukta moja pembeni ya barabara kwa mita mia chache. Programu ikatii: ikanipeleka hadi kwenye nukta, ikanirudisha. Mashine haikukosea hapa, wala ramani. Njia ya kwa bibi ipo kama ilivyochorwa, sahihi hadi kwenye gogo.

Bibi alicheka mpaka akashika kiuno. Akatuingiza jikoni, viazi vya kuchemsha vyenye chumvi, chai ya rangi. Sukari ilikuwa imekwisha, akaomba radhi yeye, sisi tuliovamia shamba lake. Kisha akamwita mjukuu, kijana wa kama miaka kumi na minne, akabeba baiskeli yangu begani kwa zile ngazi huku mimi nimebeba begi tu na bado nahema. Fedha bibi alikataa. "Mkirudi, leteni sukari."

Saa mbili na robo zilipotelea bondeni. Kwa hiyo Sunga tuliipita jua limelala, na Mtae tuliingia saa moja na nusu usiku kwa tochi, vumbi hadi kwenye kope. Mwenye gesti alikuwa ameshafunga jiko. Aliliwasha upya, akatupikia ugali na mayai, jumla na chumba 22,000 kwa wote wawili. Umeme ulikuwa umekatika.

*Kwa atakayefuata:* ukimaliza kuchora njia, ifuate yote kwa kidole kwenye skrini, ukiwa umeikuza, kama unavyosahihisha mtihani. Mstari ukichomoza kidole, futa nukta. Angalia na picha ya setelaiti chini yake: barabara ya gari inaonekana, njia ya mbuzi pia inaonekana ukitazama vizuri. Dakika ishirini tu.

Siku ya 5, Jumanne: Mtae na kurudi Lushoto

Mtae iko kwenye mgongo wa mlima, nyumba zimejipanga kama watu waliokaa kwenye ukuta, miguu inaning'inia pande zote mbili. Saa kumi na mbili na nusu mawingu yalikuwa chini yetu. Kilimanjaro haikujitokeza, siku nyeupe, wanasema, inaonekana. Tambarare za Mkomazi zilijitokeza, rangi ya ngozi ya simba.

Mpango wetu ulikuwa kuteremka upande huo na kuzunguka, tusirudi tulikotoka. Kwenye ramani kulikuwa na mstari wa nukta nukta unaoshuka moja kwa moja. Safari hii tuliwasha kwanza mistari ya kontua, ile inayoonyesha mwinuko, ikibanana ujue ni mteremko mkali. Ilikuwa imebanana hadi imekuwa doa la kahawia: zaidi ya mita 1,000 kushuka, umbali wa karibu tu. Shemeji akamwuliza mzee aliyekuwa anapeleka ng'ombe.

"Baba, baiskeli inashuka hapa?"

"Baiskeli itashuka," mzee akasema. "Wewe ndiye sijui."

Tukarudi kwa barabara.

Suala la umeme. Kifaa changu kililala na asilimia 19, umeme haukurudi, na pawabenki yangu ya 20,000 mAh nilikuwa nimewapa simu mbili usiku. Saa tano asubuhi kikazima. Shemeji akafungua mgongo wa ile sabuni, akatupa betri mbili, akaweka mbili mpya, tukaendelea. Kampuni inasema saa 25 kwa betri nzuri na hatukuona sababu ya kubisha. Ila tahadhari: betri za bei rahisi za dukani, zile za redio, 1,000 mbili, zilidumu saa nne tu. Nunua alkalini mjini, au zile za kuchaji, na kwenye mipangilio ukiambie kifaa umeweka za aina gani, vinginevyo kipimo cha betri kitakudanganya mpaka dakika ya mwisho.

Kwenye kibanda cha Lukozi walituchajia simu kwa 500 kila moja tulipokuwa tunakula. Kifaa changu kilikataa chaja yao. Fundi wa ukanda wa tyubu alituona, akapunga bisibisi.

Siku ya 6, Jumatano: Lushoto hadi Tanga kwa basi

Nauli 12,000, baiskeli 5,000 kila moja juu ya keria ya basi, baada ya konda kuanzia 10,000. Funika derela, kile kibadilisha gia cha nyuma, kwa kitambaa, maana kamba zao hazina huruma. Tulilala hadi Muheza, tukaamshwa na harufu ya machungwa.

Gharama zangu za siku sita, bila vifaa: 128,500.

Sasa lile swali. Ningekuwa na laki mbili na themanini zangu leo, kwa safari za milimani ningenunua chenye vitufe na betri za kubadilisha, hata kiwe kidogo na kibaya cha sura, nikaacha simu mfukoni na ramani yake kama akiba. Kwa anayezunguka mjini na Pongwe asubuhi, kurudi kabla ya kazi, skrini ya kugusa yenye rangi itamfurahisha na chaja iko nyumbani. Na kama huna fedha ya vyote viwili, simu yenye OsmAnd au Organic Maps, pawabenki na mfuko wa nailoni wa kuikinga na mvua vitakufikisha Mtae. Usiwashe skrini muda wote. Iangalie kwenye njia panda.

Kifaa changu sijakiuza. Kiko juu ya kabati sebuleni kwa dada, na jana kilikuwa kinasema nyumba yao iko mita 12 chini ya bahari. Dada ameanza kuinua zulia.

Faili la safari nimelirekebisha, Lushoto hadi Mtae, traki, kidole nimekikata, anayelitaka aseme. Kibanda cha fundi wa Lukozi nimekiongeza kwenye OpenStreetMap, maana kinastahili kupatikana na watu. Nyumba ya bibi sikuiweka. Ile nukta nimeibakiza kwenye nakala yangu mwenyewe, na Desemba tunapanda tena na kilo mbili za sukari.